Flashi Tupu Msibani

Nawasalimu nyote mliofika na mvua hii, na ninyi wa viti vya nyuma mnaojificha, nawaona. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mambo yenyewe yalinichukua zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo mtanivumilia. Majina sitataja. Baadhi ya wenye hadithi hii wamo humu ndani, na mmoja wao nilimfuata juzi nikamwomba ruhusa. Akaniambia, "Sema yote. Na mimi usinipunguzie."

Mnanijua kwa picha. Wengi wenu mmesimama mbele ya pazia la studio yangu pale Tukuyu mjini, lile lililochorwa mnazi. Aliyelichora hakuwahi kuuona mnazi, ndiyo maana ule una mkungu wa ndizi. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nilipiga picha nyeusi na nyeupe, nikazisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza nyuma ya studio, na nilikula kwa jasho langu.

Halafu ikaja ruksa, biashara zikaachiwa huru. Mnaikumbuka miaka ile maduka yalipojaa tena, sabuni za kila rangi, mitumba, redio. Sisi wapigapicha tulishangilia pamoja na wenzetu, hatukujua kinachokuja. Zikaingia kamera ndogo za bei poa na filamu za rangi, na Mbeya pakafunguliwa mahali pa kusafisha ambapo unapeleka asubuhi unachukua jioni. Kila kijana mwenye kamera shingoni akawa mpigapicha. Watu wakaniambia usoni, "Fundi, yako haina rangi." Studio ikabaki mimi na mnazi wangu.

Siku moja nilinunua karanga pale stendi. Zilifungwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye gazeti la Ulaya, nayo ilikuwa na picha ya mbwa. Mbwa mweusi ameketi kwenye giza, mwanga umemshika upande mmoja tu wa uso, jicho moja linaonekana na jingine limepotea. Ndugu zangu, nawaambia, nilisahau kutafuna. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano kwenye kazi ile na sikuwahi kumpa bibi harusi mwanga kama ule aliopewa mbwa.

Kwetu sisi mbwa ni wa kufukuza nyani shambani na kupigwa teke akikaribia chungu. Kumpiga picha ya kawaida hata mtoto anaweza, mbwa katoa ulimi, basi, imekwisha. Hii ilikuwa kitu kingine. Aliyeipiga alikaa na yule mnyama mpaka akamwona. Nilirudi studio nimeduwaa, mkononi nimeshika karatasi ya mafuta, karanga nimeziacha juu ya kiti.

Nikaanza. Filamu nyeusi na nyeupe nilikuwa nazo, hakuna aliyezitaka tena. Nikazunguka Lufingo, nikashuka mpaka Masukulu, natafuta mbwa. Nikajifunza kwamba mbwa humwambii "inua kidevu". Unapiga magoti macho yako yalingane na yake, unasubiri, anakuchoka, anakusahau, na hapo ndipo anakuwa yeye. Wakati mwingine nusu siku kwa picha moja. Mke wangu akaniuliza, "Wenzako wanapiga maharusi, wewe unapiga mbwa. Mbwa atakuletea mboga?" Watu wakaniita Baba Mbwa na mimi nikaitika, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa naipenda kazi yangu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka.

Akafariki mzee mmoja huko Masukulu. Mzee wa watu, mkulima, mwenye ukoo mkubwa. Picha yake pekee ilikuwa imeungua na nyumba yake miaka mingi nyuma, na tangu hapo hakupigwa nyingine. Mwanawe mkubwa alinifuata mwenyewe studio. Akasema, "Fundi, hatuna uso wa baba. Watoto wangu watamjua kwa kitu gani? Uje umpige kabla hatujafunika jeneza, na sisi wote tukiwa naye." Akanilipa kabla sijafanya kazi. Nikaenda na mkanda mmoja, picha thelathini na sita. Ulitosha kabisa.

Nilipofika, waombolezaji wamejaa mpaka migombani na mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Mlangoni kwa marehemu alikuwa amelala mbwa wake, wa rangi ya majivu, mzee, sikio moja limechanika. Kalala juu ya koti la marehemu, sijui alilivutaje. Wamemfukuza, karudi. Wamempiga, karudi. Mwishoni wakawa wanamruka tu. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unamwangukia ubavuni, na nyuma yake nyumba yote giza. Wapendwa, ilikuwa ile karatasi ya karanga, ila hii ilikuwa hai.

Nikajiambia, tatu tu. Nikapiga magoti kwenye tope. Nikapiga tatu. Mbwa akainua macho, nikapiga nyingine. Akahema, nikapiga. Sikusikia tena nyimbo wala vilio. Nilikuja kushtuka nilipoguswa bega na kuambiwa, "Fundi, tayari, jeneza limefunguliwa." Nikatazama namba kwenye kamera. Thelathini na sita.

Filamu nyingine ilikuwa Tukuyu, na kaburi lilikwisha chimbwa.

Sisi wapigapicha tulikuwa na ujanja wetu, na leo nautoa hadharani. Harusini watoto wakikuzonga, "tupige, tupige", unawawashia taa ya kamera tu, mwanga unawaka, wanafurahi, wanaondoka. Tuliita flashi tupu. Ni ujanja wa watoto. Mimi niliufanya kwa watu waliofiwa. Nilisimama mbele ya jeneza nikawasha. Nikawapanga watoto wake wote, nikawasha. Mjane aliinama akamshika mumewe shavu ili apate kupigwa naye vizuri, na mimi nikawasha. Mwanawe mkubwa alifuta machozi, akafunga kifungo cha koti, akainua kidevu. Nikawasha. Hata sasa nikisimulia najishangaa, nilikuwa mtu gani?

Baada ya wiki yule mwana akaja kuchukua picha. Nikamwambia dawa zimeharibika, mkanda wote umeungua. Akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, fundi, hata wewe umepata hasara." Mnasikia? Ananipa pole mimi. Alipogeuka kutoka, upepo ukasukuma pazia la chumba cha giza. Kule ndani, kwenye kamba, zilikuwa zinakauka picha za mbwa. Mbwa wao, mlango wao, koti la baba yao. Akaingia akazitazama moja moja. Kisha akanigeukia, wala hakupaza sauti.

"Kwa hiyo dawa imeharibu watu, imeacha mbwa?"

Nikamwambia mikanda ilikuwa miwili. Wazee wa kanisa wakaniita, nikasema miwili. Mke wangu akaniambia, "Niambie mimi peke yangu, sitamwambia mtu." Hata yeye nikamwambia miwili. Ndugu zangu, uongo ukishaulisha mara tatu unakuwa ndugu yako, unaanza hata kuutetea. Wazee hawakuniamini, wakanizuia Meza ya Bwana. Masukulu yote ikasema nimemweka mbwa juu ya marehemu. Nikaondoka pale mjini kwa aibu, nikaenda Kiwira kupakia viazi kwenye malori. Mchana viazi, jioni pombe. Kamera niliifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaitupa chini ya kitanda nyumbani, na kwa unyevu huu wetu lenzi ikaota ukungu. Mke wangu alibaki na watoto na bustani ya mchicha. Nilikwenda kwake mara chache, na nilipokwenda tulikaa kama wageni.

Ilipita miaka miwili. Siku moja ya gulio nimebeba gunia, nikasikia kitu cha baridi kwenye goti. Pua ya mbwa. Wa rangi ya majivu, sikio limechanika. Nikaweka gunia chini. Nyuma yake alikuwa amesimama mjane wa yule mzee, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu kwa kwetu, kama hakuna kilichotokea. Halafu akasema, "Zile picha zilizokugombanisha na wanangu, bado unazo?"

Nikasema ninazo, mama.

"Nataka kuziona. Mimi sikuonyeshwa."

Tukapanda kwenda Tukuyu. Mke wangu alipotuona alifungua studio. Nikamtolea mama zile picha kutoka kwenye boksi. Akakaa chini ya ule mnazi, akaziweka magotini, akaanza kuzitazama. Alikaa sana. Kuna moja mbwa kafumba macho na pua kaizamisha kwenye mkono wa koti. Ile aliigusa kwa kidole.

Akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa anamsubiri akienda shamba. Umemwona vizuri. Ni picha nzuri sana hii."

Nilitaka kushukuru. Hakunipa nafasi.

"Nilikuangalia siku ile. Kwa mbwa ulipiga magoti, suruali ikajaa tope, hukujali. Kwetu sisi ulisimama wima, ukawasha-washa, ukamaliza upesi. Nikajiuliza, mbona huyu fundi sisi hatutazami? Mwanangu, tulipojipanga pale, filamu ilikuwemo?"

Wapendwa, miaka miwili niliulizwa na wanaume wakali, nikawashinda wote. Mama huyu aliniuliza kama anayeuliza njia. Nikafungua mdomo niseme miwili, nikashindwa. Nikaanguka pale pale sakafuni, nikasema, "Haikuwemo, mama. Mkanda ulikuwa mmoja. Nilimaliza kwa mbwa."

Mke wangu aliangua kilio. Mama hakulia. Alizipanga zile picha kingo zikalingana, akanirudishia. Akasema, "Haya. Kesho uje nyumbani ukawaambie na wenzio. Kwangu peke yangu haitoshi."

Nikaenda, na mke wangu kando yangu. Nikasema mbele ya watoto wake wote, sebuleni kwao. Nilitegemea kupigwa. Yule mwana mkubwa aliinuka akatoka nje, tukamsikia anapasua kuni, muda mrefu, kuni ambazo hakuna aliyemtuma. Aliporudi alisema, "Wiki ile yote nililala vizuri. Nilijua uso wa baba upo kwako." Ningependa angenipiga.

Ndipo mama akasimama akasema, "Sasa nipige mimi. Nikiwa hai. Kama ulivyompiga mbwa." Binti zake wakakimbilia ndani kumtafutia gauni la kanisani. Akawakatalia. Akakaa mlangoni na kitenge chake cha shamba, mikono ina utomvu wa ndizi, na mbwa akaja akalala miguuni pake kama mwenye haki. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeifuta ile lenzi kwa khanga ya mke wangu, ukungu haukutoka wote. Nikasubiri mpaka mama akachoka kunitazama, akatazama migomba yake. Nikapiga.

Ile picha watu waliiona ukutani kwake. Mmoja akaja studio akasema, "Nataka kama ile ya mbwa." Akaja mwingine na mama yake mzee. Pazia la mnazi nimelishusha sasa, nawakalisha mlangoni. Rangi wanafuata kwa vijana, kwangu wanafuata uso. Na mbwa bado ninawapiga, mke wangu sasa ananishikia mwavuli, ingawa swali la mboga halijaisha.

Yule mama tumemzika mwezi uliopita, wengi mlikuwepo. Labda hamkuona kilichotokea kabla ya ibada. Ilitafutwa picha ya kuweka mbele ya jeneza, wakaileta ile. Mmoja wa wazee, kwa nia njema kabisa, akasema si heshima mbwa kusimamishwa mbele ya madhabahu, akaomba mkasi amkate, abaki mama peke yake. Mkasi ukaletwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, sina haki ya kusema neno. Yule mwana mkubwa akauchukua mkasi mkononi mwa mzee akautia mfukoni.

Akasema, "Mwacheni. Bila mbwa huyu, na mama tungemzika hana uso."

Nashukuru wazee mlionirudisha Mezani. Namshukuru mke wangu, aliyeuona uongo wangu tangu siku ya kwanza na akanisubiri niufikie mwenyewe. Yeye na mwana yule sijui niwalipe nini. Mama yule nilimwambia ndaga fijo, asante sana, akiwa hai, na sikuona inatosha. Kama mna cha kuchukua kwangu, chukueni hiki: mtu akikuamini, mtazame. Usimwashie taa tu aende zake amefurahi.

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yamerudi. Wajukuu wa yule mzee huja studio kuniuliza babu yao alifananaje, na mimi ndiye niliyesimama mbele yake mara ya mwisho na kamera mkononi. Najaribu kukumbuka. Namkumbuka mbwa, kila unywele. Uso wa mzee siukumbuki. Niombeeni.