Mama Povu, Mkaguzi Aliyebandua Stika Yake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani, wakaguzi wenzake, madereva, na ninyi abiria mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza: poleni, na asanteni sana. Mpwa wangu aliyechapa karatasi mlizoshika alinipa ukurasa mmoja tu. Nikamwambia mama yako amekagua mabasi miaka kumi na mitatu, na hakuna basi alilolimaliza kwa ukurasa mmoja. Kwa hiyo mwenye haraka leo atatusamehe. Mimi ni mdogo wake marehemu, dereva wa basi tangu mwaka 1998. Kuna jambo nitalisema kabla sijakaa, ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Dada yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Septemba 1962, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na mama alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya wilaya. Kati yangu na yeye kuna miaka tisa, hivyo alinibeba mgongoni na kunigombeza kabla sijajua kujibu. Alipokuwa na miaka minane, gurudumu la baiskeli ya baba lilikuwa likipungua upepo kila asubuhi. Baba akawa anagombana na fundi wa baiskeli, akimwita mwizi. Siku moja dada akauvua mpira ule, akautumbukiza kwenye beseni la povu la mama, akauzungusha taratibu mpaka kiputo kimoja kikatokea penye kuingizia upepo. Hapo fundi hakuwahi kutia kiraka. Fundi hakuwa na kosa. Baba alikwenda kuomba radhi shingo upande, na dada akamfuata nyuma ili ahakikishe kweli amefika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, na sekondari kuanzia 1977 hadi 1980. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea mabomba na mitambo ya gesi, akiwa mmoja wa wasichana wawili katika darasa la watu thelathini na nane. Mwenzake aliacha mwaka wa kwanza. Dada hakuacha, ingawa karakana nzima haikuwa na choo cha wanawake, na kila alipobanwa ilimbidi avuke uwanja mpaka jengo la ofisi. Alihitimu Novemba 1983, wa tatu darasani. Aliyekuwa wa kwanza yupo hapa leo, na ameniomba niseme kwamba yeye alinakili.

Mwaka 1984 aliajiriwa kwenye stoo ya mitungi ya oksijeni, katika hospitali ileile alikokuwa mama anafua. Alikaa pale miaka ishirini na mitano. Kila mtungi ulikuja na kadi imening'inia, imeandikwa lini ulipimwa nguvu mara ya mwisho. Dada hakuiamini kadi. Alisoma tarehe iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi, na kama rangi imeifunika, aliikwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Alikuwa akisema, "Kadi inaweza kuhama mtungi. Shingo haihami." Ukucha wake huo haukuwahi kuwa mzima, na siku ya harusi yake ulifungwa plasta.

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986. Shemeji yetu ni fundi wa kushona. Dada alikwenda kwake kupimwa ovaroli, na kabla hata hajasema anaitwa nani alimwambia, "Zima hilo jiko lako, mpira wa gesi umechoka." Shemeji akazima. Kesho yake dada akarudi na mpira mpya, akaufunga mwenyewe, akaupaka povu, akasubiri. Shemeji husema mpaka leo kwamba wanaume wengine huchaguliwa, yeye alikaguliwa. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni nesi na mpwa wangu huyu mchapaji. Ovaroli zote za dada alizishona shemeji, na kila moja ilikuwa na mfuko wa plastiki kwa ndani wa kuwekea sponji iliyoloa.

Mwaka 2009 alihamia ofisi ya ukaguzi wa magari. Mabasi ya gesi ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza, na wengi wenu mnakumbuka hofu iliyokuwepo. Watu walisema tunakalia bomu. Kuna waliotembea kwa miguu mvua ikinyesha huku basi tupu likiwapita. Dada akaja na ndoo yake ya maji ya sabuni. Alipanda juu ya basi, akaingia chini ya basi, akapaka povu kila kiungo cha bomba, akakaa kimya akitazama kama kuna kiputo. Ndipo akaitwa Mama Povu. Akiridhika, alibandika stika ya kijani kwenye kioo cha mlango na kutia sahihi. Taratibu watu wakazoea kuitafuta sahihi ile kabla ya kupanda, kama mtu anavyotazama tarehe ya dawa kabla ya kumeza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine mngependa nilipite kwa mbali. Yeye mwenyewe hakulipita.

Ijumaa, tarehe 17 Januari 2014, shule zilikuwa zimefunguliwa wiki hiyo, na uani kwa wakaguzi palikuwa na foleni ya mabasi arobaini na moja. Matatu kati yake yalikuwa ya kampuni moja, mitungi yake imetoka kupakwa rangi nzito, tarehe zote zimefunikwa. Karakana ya kampuni ilikuwa imetoa kadi, na kwenye kadi kila kitu kilikuwa sawa. Dada alikuwa anainua kidole gumba akwangue, dereva mmoja wa mabasi hayo akamwambia, "Kadi si hiyo hapo? Harakisha, abiria wangu watachukuliwa na wengine." Dada akamtazama, akaitazama foleni, akaisoma kadi. Alipaka povu kama kawaida na hakikutokea kiputo. Akabandika stika tatu. Ila povu huonyesha panapovuja, halionyeshi chuma kilichochoka. Methali ya haraka mnaijua wote, sitawasomea.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa tarehe 31, basi moja kati ya yale lilirudi kwa shida ya breki. Dada akapita karibu na mtungi, ukucha ukamwasha, akakwangua. Mtungi ulikuwa umepitisha muda wa kupimwa kwa miaka mitatu. Akakwangua wa pili, wa tatu, wa nne. Kabla ya jioni mabasi yote matatu yalikuwa yamerudishwa, na mitungi kumi na miwili imeshushwa.

Mkuu wake alimpongeza, akamwambia yaishie hapo. "Yamerudi, hakuna aliyeumia. Usimwage mtama penye kuku wengi."

Dada akamjibu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu walipanda kwa ajili ya sahihi yangu, mkuu. Sahihi imewadanganya. Lazima waambiwe na mwenye sahihi."

Jumatatu asubuhi, tarehe 3 Februari, abiria wakiwa wamejaa kituoni, mabasi yale matatu yaliletwa kwa kukokotwa, yakiwa hayana mitungi. Dada akaazima kipaza sauti cha mpiga debe, akasimama kwenye ngazi ya basi la kwanza. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Aliongea kama anavyoongea nyumbani. "Naomba mnisikilize. Mabasi haya matatu nilisema ni salama. Sikusoma tarehe kwenye mitungi, nilisoma kadi. Nimekosea. Aliyepanda kwa kuniamini mimi, namwomba radhi." Akatoa wembe, akazikwangua stika zake moja moja mpaka kioo kikabaki kitupu.

Mzee mmoja akamuuliza, "Nani alikuambia usisome?"

Akasema, "Hakuna aliyenishika mkono."

Alisimamishwa kazi miezi mitatu. Majibu ya mitungi yalipotoka, kumi ilifaulu na miwili ilikataliwa, na fundi aliyeipima alisema hata yeye hangependa kusimama karibu nayo. Kwa siku tisa mabasi ya gesi yalizunguka matupu. Madereva tulimsema dada vibaya sana, na aliyepaza sauti kuliko wote nilikuwa mimi. Nilisema ametumwagia unga. Nikaacha kwenda kwake. Mama yetu, alikuwa bado hai, akawa anatupikia siku tofauti, dada Jumamosi na mimi Jumapili.

Aliyebadilisha mambo ni mama mmoja mwalimu wa chekechea, naye yupo hapa. Alisimama kwenye mlango wa basi lenye stika mpya, akauliza nani amekagua. Kondakta akamwambia, "Imekagua ofisi." Mwalimu akasema, "Ofisi haina mikono. Yule aliyesema amekosea yuko wapi? Yule akikosea tena atatuambia. Hawa wengine tutajuaje?" Hakupanda. Waliokuwa nyuma yake nao hawakupanda. Kufikia Aprili madereva wenyewe tukaandika barua ya kuomba Mama Povu arudishwe. Nilitia sahihi ya mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Alirudi tarehe 5 Mei 2014. Tangu siku hiyo alikagua kituoni, mchana, mbele ya watu. Tarehe za mitungi ziliachwa bila rangi, na abiria yeyote aliyetaka kusogea na kuzisoma kwa sauti alisogea. Watoto wa shule walijifunza kusoma tarakimu pale. Hofu haikuisha kwa siku moja, lakini wale waliokuwa wakitembea kwenye mvua wakaanza kupanda. Tunamshukuru Mungu kwamba katika miaka yote aliyokagua hakuna abiria aliyedhurika na gesi ndani ya basi lenye sahihi yake. Alistaafu Septemba 2022, na ndoo yake ikarithiwa na mkaguzi mwenzake.

Mimi na yeye tulikaa miezi kumi na moja bila kusalimiana. Januari 2015 zamu ya basi langu ikafika. Akaniambia, "Zima injini, dereva," kama hanijui. Akakagua kila kitu, nami nimesimama kama mshtakiwa. Akatia sahihi, akakunja sponji, akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Tukaenda kula. Nilitaka kuongea, akasema kula kwanza.

Februari 2023 aliambiwa figo zake zimechoka. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alikwenda hospitali kwa basi la gesi, kiti cha nyuma, juu ya mitungi. Siku ya kwanza alimuuliza mhudumu mashine ile ilikaguliwa lini. Akaonyeshwa cheti ukutani. Akasema, "Hicho ni cha ukuta. Nionyeshe kwenye mashine." Wakageuza mashine. Madaktari, manesi na mafundi wa hospitali ile walimhudumia kwa upole mkubwa, wakamvumilia na maswali yake, na familia inawashukuru kutoka moyoni. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, saa kumi na dakika arobaini jioni, shemeji akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Wiki moja kabla ya hapo nilimuuliza kwa nini hakumtaja yule dereva wa kwenye foleni. Akasema, "Yeye alisema harakisha. Aliyeharakisha ni mimi." Nikamwambia, lakini ungeweza kumtaja. Akafumba macho kidogo, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Lake atalisema mwenyewe. Mimi sitamsemea."

Dereva huyo ni mimi.

Basi lile la kwanza, alilosimama kwenye ngazi yake, lilikuwa langu. Kwa siku kumi na nne niliwapakia ninyi, watoto wenu na mama yangu mzazi juu ya mitungi iliyochoka, kwa sababu niliogopa kuwahiwa abiria. Dada akasimama akabeba kosa lake, na langu akaliacha bila kuligusa, nami nikamlipa kwa kumtukana. Hasira ile haikuwa hasira. Nilikuwa naogopa kwamba siku moja angenitaja, na nikaogopa miaka kumi bure, maana hakuwa mtu wa hivyo. Ninyi mliopanda basi langu mwezi ule, nawaomba radhi. Dada, naomba unisamehe, ingawa najua ulishanisamehe siku ile uliponiuliza kama nimekula.

Mmeona tumefika hapa tumechelewa dakika thelathini na tano. Mabasi mawili yaliyotuleta ni ya gesi, na kabla hatujaondoka nyumbani mkaguzi mwenzake aliyasimamisha yote mawili, akapanda juu, akaingia chini, akapaka povu kila kiungo. Mwalimu wa chekechea alisoma tarehe za mitungi kwa sauti. Ndoo niliishika mimi. Mlikuwa watu zaidi ya mia mmesimama juani, na hakuna aliyesema tuharakishe.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, wakaguzi aliowafundisha, na abiria wengi ambao hatutaweza kuwahesabu.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna anayekuharakisha.