Udongo wa Mwala Ndani ya Mlima: Maisha ya Marehemu Bartholomew Musili Nzomo (1972–2025)

Mimi ni Nduku, dada yake wa kumfuata. Nimeombwa niwasomee maisha ya kaka yangu kwa ufupi, na kwa kuwa yeye hakuvumilia vipimo vya kukisia, nimejitahidi tarehe zikae sawa.

Bartholomew Musili Nzomo alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa Mwala, kifungua mimba wa Mzee Nzomo, aliyetutangulia mwaka 2006, na Mama Kamanthe, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Alikuwa mtoto mpole, ila msumbufu wa namna yake. Mizani ya baba ya kupimia ndengu aliifungua mara tatu akidai inadanganya. Mara ya tatu alichapwa. Wiki iliyofuata mizani ilikaguliwa sokoni, na kweli ilikuwa inadanganya. Baba hakuomba msamaha, lakini alimnunulia bisibisi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1979 hadi 1986, sekondari mjini Machakos hadi 1990, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikohitimu fizikia mwaka 1996. Alifundisha Masinga kwa miaka mitano. Huko alikutana na mwalimu mwenzake, Wamuyu, binti wa wafanyabiashara wa Yatta, na wakafunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 1999. Wamuyu husema kwamba Musili alimposa akiwa ameifungua redio yake iliyoharibika, akakataa kuifunga mpaka ajibiwe.

Agosti 2001 alipata nafasi ya masomo Ulaya, na baadaye kazi katika maabara iliyochimbwa ndani ya mlima. Walikuwa wakitafuta maada ya giza. Wengi wenu mlimuuliza ni nini hiyo, naye aliwajibu hivi: "Ukiona punda anavuta mkokoteni wenye mtungi mmoja wa maji, na anahema kama amebeba kumi, huwezi kusema punda ni mwongo. Utasema kuna mitungi tisa nisiyoiona." Nyota, alisema, zinazunguka kama punda huyo. Basi hicho kizito kisichoonekana walikitegea kwa fuwele zilizofungiwa ndani ya kasha la shaba na madini ya risasi, chini ya mwamba, mahali ambapo miale ya kawaida haifiki. Fuwele ikiguswa hutoa mwanga mdogo mno, na mashine huhesabu. Kazi ya Musili ilikuwa kulifunga kasha hilo.

Siku alipoondoka nyumbani, mama alimshonea kifuko cha kitambaa, akatia ndani udongo wa shamba letu. Hakuna mila iliyomwagiza, ni mapenzi yake tu. Musili alikivaa shingoni. Lakini sheria ya chumba cha fuwele ilikuwa kali: uvue kila kitu, uoge, uvae vazi jeupe. Aliishika sheria hiyo miaka yote isipokuwa siku moja ya Mei 2012. Siku hiyo mama alikuwa akipasuliwa hospitalini, na mwanawe alishindwa kukivua kifuko.

Baada ya miezi michache mashine ilianza kuhesabu kupita kawaida. Wenzake walishangilia. Tangazo la kuuambia ulimwengu liliandikwa, jina lake likiwa kati ya yale ya kwanza. Alinipigia simu, nami nikalitangazia soko zima. Kisha akaona kifuko kimefumuka kwenye mshono. Udongo wowote, hata huu tunaoukanyaga, hutoa miale hafifu. Fuwele hazikuguswa na maada ya giza. Ziliguswa na Mwala.

Hakuna aliyemshuku. Alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema. Kasha likafunguliwa, chembe zikaonekana, kazi ya miezi minane ikatupwa. Yeye aliondolewa kwenye kazi ya kasha, akaosha vipuri kwa zaidi ya mwaka.

Mimi nilikasirika sana. Nilimwambia, "Wewe nawe! Si ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Na mashine ningeinyamazisha na nini, Nduku?"

Nikamwambia amejiharibia jina na atakufa bila kupata kitu. Sikumpigia simu mwaka mzima. Mama yeye alicheka mpaka kovu la mshono wake likamuuma: "Aiya, Musili! Hiyo mashine yenu inaona udongo wangu, na haioni hicho kingine kikubwa?"

Mwaka 2014 mkubwa wake alimrudisha, akisema anayejitaja mwenyewe ndiye anayefaa kufunga kasha. Tangu hapo kila kasha lilifungwa na mikono ya kaka yangu.

Juni 2023 alipatikana na saratani ya kongosho. Alirudi nyumbani Novemba, na wenzake walimpa zawadi ya kichupa chenye zile chembe, kikiwa na kibandiko: "Mwala. Imeonekana 2012." Wiki moja kabla hajatuacha nilimwomba msamaha. Alinitazama akatabasamu. "Ulisema kweli, sijapata. Lakini pale tulipotafuta, tumetafuta vizuri. Atakayekuja asihangaike kurudia hapo." Kisha akaongeza, "Kumbe miaka hiyo yote ulikuwa na hasira na udongo wa mama?" Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025 hospitalini mjini Machakos, akiwa na umri wa miaka 52. Amewaacha mama yake Kamanthe, mkewe Wamuyu, watoto wao Mwihaki na Masila, nami dada yake, ambaye sasa najivunia jina lake mbele yenu nyote.

Kichupa kile kiko mkononi mwa mama. Ameomba asitangulie mtu yeyote kutia udongo kaburini kabla yake.

Lala kwa amani, kaka. Safari hii hakuna wa kukuambia uuvue udongo wa mama.