Bartolomeo Tarmo na Kuni za Rhotia

Baba Padre, wazee wetu, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia, mimi Marsela, binti yake wa tatu, ninawasomea maisha ya baba yetu.

Marehemu Bartolomeo Tarmo alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Oldeani, ambako babu alikuwa kibarua wa shamba la kahawa, akasoma Karatu na kisha Mbulu hadi darasa la nane, mwaka 1955, akarudi Oldeani kuwa karani wa mizani. Tarehe 2 Juni 1962 alifunga ndoa na mama yetu Cresensia, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza kaka yetu Patrisi.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika utafiti wa kuni za majumbani, ili ijulikane ni kiasi gani kinapikia chakula, kiasi gani kinapikia pombe, na kiasi gani ni cha kuota moto. Kwa kuwa moto ni mmoja na mizani haiwezi kuugawa, walizunguka wakipima kuni za nyumba nyingi za kijiji cha Rhotia, wakalinganisha zinazopika pombe na zisizopika, za juu kwenye baridi na za chini, na tofauti hizo ndizo zikawa makadirio.

Makadirio yalionyesha kuni nyingi mno zinaishia kwenye kuota moto, wakubwa wa serikali wakasema akina mama wanafuja kuni, na mwaka 1983 ruhusa ya kuokota kuni msituni ikabaki siku moja kwa wiki. Ndipo Mama Antonia wa Rhotia alipomwambia, "Baba Patrisi, ulidhani tunaota moto ule kila siku? Ule ulikuwa wako! Mgeni atakalishwaje penye majivu?" Baba akaelewa kwamba kila nyumba aliyokwenda kupima ilimwongezea kuni motoni kwa heshima ya mgeni, naye akaiandika heshima hiyo kama matumizi ya kawaida.

Aliomba kupima upya, akina mama wenyewe wakishika mizani, akajibiwa kwamba utafiti umefungwa. Alianza peke yake, kwa miguu, akafikia nyumba chache tu kabla ya kuugua kifua mwaka 1985, nilipoacha kidato cha pili ili nisaidiane na mama kumuuguza. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Julai 1986, hapa Ganako, akisikitika kwamba amewaponza waliomkaribisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake. Akina mama wa Rhotia, mmeleta kuni za msiba huu kutoka kwenye mzigo wenu wa wiki nzima, na baba alikusudia kusimama mbele yenu awaombe radhi, hakuwahi, basi sisi wanawe tunawaomba. Baba, Bwana akupe pumziko la amani.