Siku Gamubuti Zilipoingia Kwangu

Wapendwa, nikinyamaza katikati mnivumilie. Jambo hili bado linanishtua.

Mnajua chinsoni, ile heshima ya hapa inayomkataza baba mkwe kuingia nyumba ya mwanawe. Mimi ni mtu wa ziwani, nimeolewa hapa Ekerenyo, mila niliikuta. Siku moja tukichuma majani chai nilimuuliza baba mkwe: nikianguka ndani na mume wangu yuko kazini Mosocho, itakuwaje? Akasema ataita wanawake. Nikamwambia, "Baba, mimi naona uhai uko mbele ya chinsoni." Alikasirika, akasema siku hizi wageni ndio wanatufundisha. Ndugu zangu, ulimi uliniwasha. Lakini nilimjibu tu kwamba nimemsikia, na kesho yake nikampelekea chai kwenye kiti chake cha nje kama kawaida.

Mimba yangu ilikuwa kubwa damu iliponianza, mchana, siku ya soko. Nilipiga kelele. Gamubuti za baba mkwe, vile viatu vyake vya mpira vya shambani, zikaja mbio, zikasimama mlangoni. Akaita mke wa huyu, mke wa yule. Wote walikuwa sokoni. Nikaona kivuli chake kwenye kizingiti, hakisogei, nikajua nitakufa hivi mtu akinisikia.

Halafu gamubuti zikaingia. Nawaambia, hizo zilinishtua kuliko damu. Mzee ambaye hata mvua ya mawe haikuwahi kumwingiza kwangu alinifunga leso, akanibeba mpaka barabarani, akanishikilia kwenye bodaboda hadi hospitali. Mtoto ndiye huyo anayewasumbua hapo nyuma.

Ndugu zake walimwita kikao, aeleze kwa nini amevunja chinsoni. Nilidhani atajitetea. Akasimama, akasema, "Huyu mama aliniambia mapema, nikamkatalia. Nilikosea, na nimebadilisha nia." Mimi nilikaa chini bila kutazama kama kuna kiti.

Baadaye nilimuuliza aliwezaje. Akasema, "Ulinipinga, lakini hukunidharau. Ungenitusi siku ile tukichuma chai, ningeona haya kuingia."

Neno moja tu la hasira, na nisingekuwa hapa. Basi mkibishana nyumbani, mwachieni mwenzenu mahali pa kurudia.

Namshukuru dereva wa bodaboda, nanyi mama zangu mliokuja hospitalini na uji. Na wewe baba, asante. Mzee chai bado anainywa nje, anasema amezoea. Lakini mlango wangu nauacha wazi.