Mpango wa Kupanda Mgongo

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na saluni ya Waziri. Huyu Waziri ni kinyozi. Wizara yake nzima ni kiti kimoja na kioo chenye ufa. Katikati hukaa Gia Moja, dereva mstaafu wa malori, tuliyempa jina hilo kwa sababu akianza kusema habadilishi. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu. Na mbele yetu, juu ya mapaa ya mji, umelala ule mlima tunaouita Mgongo: mwembamba, mtupu, hauna mti wala kivuli, bonde huku na bonde huku, na mnara wa redio kwenye ncha. Tunautazama kila asubuhi, hautugharimu kitu. Jumatano ile Shangazi akatua birika, akajifuta mikono, akasema:

— Jumamosi napanda Mgongo. Natafuta mtu wa kwenda naye. Kwenye geti la mlima hawamruhusu mtu kupita peke yake, na wiki ijayo njia inafungwa kwa ajili ya mvua.

— Shangazi! Waziri akashtuka. Kwa umri huo?

— Sitini na moja. Nimeuliza nani anakwenda, sijauliza umri.

Sababu yake sote tuliijua. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa ule mnara. Miaka kumi na tisa, kila Jumanne, alipanda kwa miguu. Viatu vyake nilivishona mimi. Kokoto za mlima ule nimezing'oa kwenye soli mpaka nazijua rangi. Alimwahidi mkewe kwamba akistaafu atampeleka akaone anachokiona yeye. Akafariki imebaki miezi minne.

Sasa mtu kama huyo akikuambia natafuta wa kwenda naye, jibu ni moja kati ya mawili. Sisi tukapata la tatu.

— Mpango! akasema Gia Moja. Safari bila mpango ni lori bila breki. Kwanza, aondoke saa sita mchana, mlima ukishapata moto. Injini baridi haipandi. Haraka haraka haina baraka.

— Saa sita, kwenye mwamba usio na kivuli? nikamkatiza. Unataka kumkaanga mama wa watu?

— Jua si hoja, akasema Waziri. Hoja ni upepo. Upepo wa kule unaondoka na kofia na kichwa chake. Dawa yake mawe. Kilo mbili kila mfuko.

— Apande mlima amebeba mawe?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hapo umenena! Gia Moja akadaka. Ainame! Pale pembamba apite kwa magoti, kwa mikono, kwa tumbo ikibidi.

Na mimi, mkubwa mzima, nikaona nisiachwe nyuma.

— Kamba, nikasema. Wafungane kiunoni. Umoja ni nguvu.

— Na mmoja akianguka?

— Wataanguka kwa umoja.

Shangazi akamimina kahawa. Akafungua mdomo, lakini Waziri alikuwa ameshasimama, wembe mkononi, mteja wake kaachwa ndani na nusu kichwa.

— Sikilizeni! Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Sivyo? Basi asishuke!

— Akae huko?

— Miezi mitatu tu, mpaka njia ifunguliwe. Sisi tutakuwa tunampungia mkono kutoka hapa.

— Mmemaliza? Shangazi akauliza.

Akatoa karatasi kifuani, akaikunjua, akasoma kwa sauti ile ile anayotumia kutuambia sukari imekwisha. Kuanza kupanda saa kumi na moja alfajiri, na taa ya kichwani. Maji lita tatu kila mtu, maana juu hakuna hata tone. Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba. Pale pembamba, upepo ukikusukuma hata hatua moja pembeni, hupiti. Na saa tano kamili unageuka, popote ulipo, kwa sababu baada ya saa saba mawingu yanapanda, na radi hutafuta kilicho kirefu. Pale pembamba, mnara ukiwa bado mbali, kirefu ni wewe.

— Hata mnara ukiwa umebaki hatua ishirini? akauliza Gia Moja.

— Hata kumi. Marehemu aliwahi kugeuka mara sita. Ndiyo maana alifia kitandani kwake.



— Na mazoezi? nikauliza, maana ulimi wangu haujui kupumzika.

— Miezi miwili sasa. Lile jengo la ghorofa nane pale kona, ngazi zote, mara tano, kabla sijawasha jiko.

Ala! Kumbe! Na sisi miezi miwili tunamnung'unikia eti kahawa inachelewa, tunalaumu mkaa mbichi. Nikavua kofia. Wallahi niliivua. Nimemjua mwanamke huyu miaka yote, na siku hiyo nikaona sijamjua.

Wakati huo alikuwa ameshafika nesi wa zahanati ya jirani, kaja kuchukua viatu vyake. Alikuwa amesimama tu, anasikiliza.

— Shikamooni, akasema. Samahanini wazee wangu. Kwa hiyo kati yenu, nani anakwenda naye?

Waziri akamkumbuka mteja wake wa nusu kichwa. Gia Moja akaanza kusugua goti, goti ambalo tangu asubuhi lilikuwa zima kabisa. Nesi akatutazama mmoja mmoja. Shangazi naye hakumtazama yeyote; alikuwa anakunja karatasi yake, polepole, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi. Nikaona vidole vyake, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

— Shangazi, nikasema, mimi naogopa.

— Unaogopa nini?

— Kule juu. Bonde huku na huku. Mimi nikipanda kwenye stuli kubadilisha balbu, magoti yanagongana. Hayo ya kamba nilikuwa napiga domo tu.

Waziri alikuwa mlangoni kwake, nilidhani atacheka. Akaukunja wembe wake.

— Na mimi naogopa, akasema Shangazi. Tangu Jumapili usingizi sina.

— Wewe?

— Mimi. Ulidhani nimeandika yote haya kwa ushujaa?

Akanipa ile karatasi.

— Basi twende tukaogope wote wawili. Saa kumi na moja kamili, usinicheleweshe.