Mwalimu Veridiana na Majina ya Watoto wa Chinamkonda

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Veridiana Nambombe, ambaye wengi tunamwita Mama Ladislaus, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumikia Shule ya Msingi Chinamkonda, hapa Newala. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Flora, amenipa heshima ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe, na ameniomba niandike mambo ya furaha tu. Ya furaha nimeyaweka mwanzo. Mwenye haraka na pilau anaweza kuishia hapo.

Alizaliwa Lukuledi, hatua chache kutoka misheni, akasomea ualimu, na shule yake ya kwanza ilikuwa Nanganga, kando ya barabara kuu. Kutoka huko alipanda huku juu kwetu, kusiko na mto wala maji ya kuchezea, na sanduku moja, mtoto mgongoni na ndoo mbili kubwa. Wiki ya kwanza alioga kwa ndoo nzima, asubuhi na jioni, kama mtu aliyezoea mto. Majirani walimtazama kama anayechoma noti. Mimi ni Mmakonde, yeye ni Mmakua, kwa hiyo utani hauishi, na mpaka leo nikitaka kumkasirisha namuuliza kama ameshaoga ndoo yake. Alijifunza kuoga kwa kopo. Anasema hilo ndilo somo gumu kuliko yote aliyowahi kusoma.

Alifundisha darasa la kwanza na la pili, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa malezi, yaani yule anayeulizwa mtoto akiumwa, akipotea, akija na jeraha au akiacha kuja kabisa. Ndiye aliyepiga marufuku mabibo shuleni, baada ya nusu ya darasa la pili kuja wamechangamka kupita kiasi na mmoja wao kulala fofofo juu ya dawati. Ilibainika walipitia nyumba ambayo mama alikuwa anatengeneza uraka, pombe ya mabibo, wakakaribishwa kuonja. Aliyelala yule sasa ni mzee wa kanisa, na jina lake silitaji kwa sababu atakuwepo.

Msimu mmoja mwenyekiti wa kamati ya shule aliwasha mashine ya kupuliza salfa kwenye mikorosho yake inayopakana na madarasa, saa ya watoto kuingia. Mwalimu Veridiana alituma ujumbe mara mbili, hakujibiwa. Basi akatoka na madaftari yake ya kusahihisha, akaenda kukaa chini ya mkorosho uliokuwa unafuata kupulizwa, akaendelea kusahihisha. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, utachafuka." Naye akamjibu, "Puliza tu, baba. Watoto wako ndani wanaivuta, na mimi nivute." Mashine ilizimwa. Tangu siku ile salfa ya upande wetu hupulizwa kabla shule haijafunguliwa, na aliyeweka utaratibu huo hakuwa ofisa yeyote.

Mambo ya furaha yameishia hapo.

Wageni wetu wasiotoka huku wanahitaji kujua jambo moja. Kwetu, mtoto akishatoka jandoni au unyagoni huwa na jina jipya. Lile la utotoni limezikwa kule porini. Ukimwita kwa jina lile umemtukana, na mtoto aliyelelewa vizuri hajibu. Hanuni, hagombi, hugeuza uso tu kana kwamba ameitwa mtu mwingine. Na kweli, kwa mila yetu ameitwa mtu mwingine.

Mwalimu Veridiana, ingawa ni mtu wa kuja, alilielewa hilo kuliko walimu wengi waliozaliwa hapa. Kila likizo ya Desemba ikiisha, kabla shule haijafunguliwa, alipita nyumba kwa nyumba kwa wazazi ambao watoto wao wametoka. Hakuuliza mlangoni. Alikaribishwa, akaketi, akapewa habari za shamba, ndipo akauliza: "Sasa huyu mwanangu namwitaje?" Shuleni aliita majina mapya tu. Na alikuwa na mtindo wake: alikuwa haweki alama ya mahudhurio kwa kumwona mtoto tu. Mtoto alisimama, akajitaja mwenyewe, akasema "nipo". Asiyejitaja, kwa Mwalimu Veridiana, hayupo, hata kama amekaa dawati la mbele. Tulimwona msumbufu.

Akaja Mwalimu Mkuu mwingine, simtaji, maana amepanda cheo na jina lake tayari linatajwa vya kutosha. Alisema majina ni yale ya usajili wa mtihani, na mtihani haujui jando. Katika hilo alikuwa na haki yake, karatasi za mtihani haziwezi kubadilika kila Januari. Lakini hakuishia kwenye mtihani. Alipiga marufuku majina mapya hata kwenye kuita mahudhurio. "Hapa ni shule, si porini," alituambia kikaoni. Mwalimu Veridiana alisimama akasema, "Mwalimu, hawatakujibu." Akajibiwa kwamba watazoea.

Watoto hawakuzoea. Tuliozoea ni sisi. Mwalimu aliita jina la utotoni, darasa likanyamaza, wenzake mtoto yule wakacheka chinichini, mwalimu akaweka alama ya kuwepo na kuendelea na jina la pili. Kimya kile kilipata hata jina ofisini, tukakiita "kimya cha jando". Kimya cha jando maana yake mtoto yupo, ila amekasirika. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sijaona hesabu mbaya kama ile.

Januari ya mwaka 2017 darasa la nne lilikuwa na mtoto anaitwa Hamudi, mtoto wa Bimdogo. Alikuwa ametoka jandoni mwezi uliotangulia na kupewa jina hilo, la babu yake. Jina lake la utotoni sitaliandika hapa. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na kisima chetu cha kuvunia maji ya bati kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Mfuniko wake ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimeoza. Mwalimu Veridiana alikuwa ameusema mfuniko ule mbele ya kamati mpaka wajumbe wakawa wanatazamana na kutabasamu akisimama.

Wakati wa mapumziko Hamudi alikwenda kuteka maji ya kunywa. Hakuna aliyemwona akienda. Baada ya mapumziko mwalimu wa darasa lake, Yohana, kijana aliyekuwa amemaliza chuo juzi tu, aliita majina kama alivyoagizwa. Alipofika kwa Hamudi aliita lile jina la kwanza. Darasa likanyamaza. Wenzake wakacheka. Yohana akaweka alama.

Mchana ule ulipita wote kwa alama hiyo. Saa ya kutoka, Mwalimu Veridiana, aliyekuwa mwalimu wa zamu, alisimama njiani kama kawaida yake kuwaangalia wanavyopita, akauliza Hamudi yuko wapi. Watoto wakasema yupo, ameitwa darasani. Akawauliza, "Alijitaja?" Wakatazamana. Hakusubiri jibu, alikwenda moja kwa moja kisimani. Mimi ndiye niliyefungwa kamba nikashushwa. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Taarifa iliyoandikwa ilisema usalama wa mazingira siku hiyo ulikuwa chini ya mwalimu wa zamu. Hakuna uongo ndani yake, ila ukweli wote uliachwa nje. Mwalimu Veridiana alipewa onyo na akavuliwa malezi. Mwalimu Mkuu alihamishwa na baadaye akapandishwa. Yohana aliacha ualimu mwenyewe, ana duka Nanganga, na sina neno naye. Na ule mfuniko wa chuma ambao kwa miaka yote ulikuwa hauwezekani, ulifungwa wiki ile ile, una kufuli, na mwenyekiti alipigwa picha kando yake. Ukitaka kuona Watanzania wanavyoweza kufanya kazi haraka, ngoja tuzike kwanza.

Kwenye mkutano wa wazazi Bimdogo alikuwa ameketi mbele, amejitanda kaniki. Mwalimu Veridiana aliitwa ajieleze. Alisimama, akamtazama Bimdogo, akakaa chini bila kusema neno. Kijiji kikahukumu kama kijiji kinavyohukumu: mwenye kunyamaza ana lake. Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na hasira, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Mwalimu Swalehe, nimwambie nini? Kwamba mwanawe aliitwa, wenzake wakacheka, naye yuko majini?" Nikamwambia basi mimi nitasema. Akaniapisha nisiseme. Nimelishika agizo lake muda wote huu na nimelichukia muda wote huu.

Bimdogo ni mdogo kwake kwa umri. Kwa adabu ya hapa ilikuwa yeye amwamkie Mwalimu kila wakikutana, na wanakutana karibu kila siku, maana nyumba ya Bimdogo iko njiani. Tangu msiba ule hakumwamkia tena. Mwalimu Veridiana alianza yeye, "Hujambo, Mama Hamudi," na hakujibiwa. Aliendelea kumsalimu, na hakujibiwa. Walioishi huku wanajua uzito wa kunyimwa salamu. Mwanamke wa watu aliyelinda watoto wa kijiji kizima amepita njia ile mwaka baada ya mwaka kama asiyeonekana, na sisi wenzake tunaojua tulikuwa tunakunywa chai ofisini.

Wiki iliyopita, Mwalimu Veridiana akipanga vitu vyake ofisini nami nikimsaidia kufunga maboksi, Bimdogo aliingia. Hakubisha hodi. Nilidhani amekuja kumsema vibaya kwa mara ya mwisho, nikataka kusimama katikati. Alizungumza polepole, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Nilijua tangu msibani, Mama Ladi. Watoto waliniambia siku ile ile. Waliniambia mwalimu aliita jina la nfu, lile lililozikwa, wakacheka. Wananiambia huku wanalia. Wewe hukuwa na kosa, najua. Lakini wewe ndiye uliyekuja kwangu, ukakaa kwenye nkeka wangu, ukaniuliza ntoto anaitwa nani. Nikakwambia. Nikangoja urudi ukae pale pale unambie na hili. Hukurudi. Ulinisalimia njiani kama ntu wa kupita. Basi nami sikukujibu."

Mwalimu Veridiana alitokwa machozi.

Bimdogo akanigeukia. "Nasikia wewe ndiye unayeandika. Andika na hili lisomwe. Na uandike Hamudi. Lile lingine usiliandike." Kisha akatoka. Hakumwamkia.

Kwa hiyo, Mwalimu Flora, unisamehe, nimepata agizo kutoka kwa mwenye haki kuliko wewe.

Kwa niaba ya walimu na wazazi wa Chinamkonda, na hasa wale ambao hatukusema, tunakushukuru, Mwalimu Veridiana, kwa kila mtoto aliyesimama akajitaja mbele yako akafika nyumbani. Tangu Januari hii mahudhurio yanaitwa kwa majina ambayo watoto wanayaitikia. Mwalimu Flora ameruhusu, na hilo anastahili kupongezwa.

Hukustahili onyo lile, na nilipouliza kama linaweza kufutwa kabla hujaondoka, niliambiwa muda wa kukata rufaa umepita. Utaondoka nalo. Lakini lile la Bimdogo halina muda wa rufaa. Jumamosi gari litapakia vyombo vyako na kuteremka Lukuledi, na litapita mbele ya nyumba yake. Mwambie dereva asimame. Teremka, Mama Ladislaus, ukapige hodi, na usipokaribishwa ngoja kidogo, upige tena. Mkeka anao bado.

Tunakutakia maisha mema.

Swalehe Nangomwa
Mwalimu wa Hisabati