Josphat Matheka, Fundi Aliyeiogopa Mashine Yake

Mzee Josphat Matheka anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia karakana yetu ya samani, hapa kando ya Makongeni, kwa miaka ishirini na saba. Aliingia mwaka 1998 kama fundi msaidizi na anatoka akiwa msimamizi wa chumba cha msasa. Nyumba nyingi za mitaa hii ya Eastlands zina mlango, meza au kitanda kilicholainishwa kwa mikono yake.

Mimi ni Ilwad Abdiqadir, karani wa ofisi. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa. Wageni watakaokuja kumuaga huenda wakashangaa nikisema kwamba Mzee Matheka ni mwoga. Sitanii. Anaiogopa mashine ya msasa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ningependa mjue hofu hiyo ilianzia wapi.

Nilipoajiriwa mwaka 2006 hakuwa hivyo. Nilimkuta fundi mwenye mbwembwe. Mashine yake kubwa, ile ambayo mkanda wake wa msasa huzunguka kwa kasi upande wa chini, aliiendesha huku akipiga soga na kucheka. Kando ya swichi ya mashine hiyo kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, swichi inashikwa, na mashine inaendelea kuzunguka hata ukiondoa kidole. Matheka alikipenda sana kitufe hicho. Alisema kinampumzisha mkono.

Jumatano moja ya Agosti mwaka 2009, mnamo saa nne asubuhi, alikuwa akilainisha meza ndefu ya mvule, oda ya hoteli. Stima zikapotea, mashine ikazimika. Akailaza mashine mezani, mkanda ukiwa chini, akaja hadi mlango wa ofisi.

"Ilwad, ni sisi tu ama ni mtaa mzima?"

"Mtaa mzima. Hata wale wa kuchomelea mageti wamenyamaza."

Nyuma yake nilimwona Ndung'u, fundi mwenzake, ameinama upande wa pili wa meza. Alikuwa akipuliza vumbi na kupapasa mbao kwa kiganja, kifua kikigusa ukingo. Kitufe kilikuwa bado kimebonyezwa. Sikujua, na Matheka mwenyewe alikuwa amesahau.

Stima zikarudi.

Sijawahi kusikia sauti kama ile tena, na naomba nisiisikie. Mashine ilinguruma na kuanza kwenda yenyewe, ikiteleza juu ya meza kama kitu chenye uhai, ikielekea alipokuwa Ndung'u.

"Ndung'u, toka! Toka hapo!" Matheka akapiga kelele.

Ndung'u aliinua kichwa na kuweka mkono mbele, kama mtu anayezuia mbwa. Mkanda ukaupanda mkono, ukakamata na mkono wa koti, ukawa unamvuta. Matheka aliikimbilia mashine, akasita, akageuka na kukimbilia soketi iliyokuwa nyuma ya rundo la mbao. Waya wa kwanza alioung'oa ulikuwa wa feni. Nilimwona akiutazama mkononi mwake, na mashine bado inanguruma. Akaung'oa wa pili.

Karakana ikawa kimya. Mimi nilikuwa bado nimeshikilia mlango. Ndung'u alikaa sakafuni, uso ameugeuzia ukutani, mkono ameunyoosha upande mwingine.

"Matheka," akasema, "hebu hesabu vidole. Mimi siwezi kuangalia."

Matheka alipiga magoti. Damu ilikuwa imechanganyika na unga wa mbao, huoni ngozi iko wapi. "Kimoja," akasema. "Viwili. Vitatu." Hapo akapangusa damu kwa pindo la shati lake. "Vinne. Vitano. Viko vyote, ndugu yangu."

Vilikuwepo vyote, lakini cha kati na cha pete havijakunjika tena hadi leo.

Mwajiri wetu, Bwana Wehliye, alipofika, wafanyakazi wote walimwambia ni mambo ya stima. Jambo lingeishia hapo. Matheka ndiye aliyekataa.

"Stima hazikubonyeza kitufe," alisema. "Nilibonyeza mimi. Na plagi niliiacha kwenye soketi mimi."

Hakufukuzwa, lakini alijihukumu mwenyewe. Kwa miezi minne hakuigusa mashine. Alikaa kwenye kona na kipande cha msasa, akisugua kwa mkono kazi ambayo ingemalizika kwa dakika kumi. Mashine ya mwenzake ikiwashwa, alishtuka na kuangusha kitu. Mkewe, Mama Nthambi, aliniambia kwamba hata nyumbani, stima zikirudi na redio ikaanza kuimba ghafla, mumewe alikuwa akisimama wima.

Ndung'u ndiye aliyemrudisha kwenye mashine, mkono ukiwa bado na bendeji.

"Rudi kwa mashine," alimwambia mbele yetu.

"Naogopa, Ndung'u."

"Ndio maana nataka wewe. Hawa wengine hawaogopi."

Akarudi, na hofu yake ikawa sheria ya chumba. Kitufe kile hakikuguswa tena. Stima zikipotea, unaachilia swichi, kisha unachomoa plagi na kuiweka mahali unapoiona. Hubadilishi msasa kabla ya plagi kutoka. Mikono ya nguo inakunjwa, miwani na barakoa vinavaliwa, na mbao kuukuu inapitishwa sumaku kwanza, kwa sababu msumari mmoja unatosha kurusha cheche ndani ya mfuko wa vumbi. Wakati wa chai, yeye aliichomoa plagi na kuitia mfukoni mwa koti lake. Mara mbili aliinuka kuongeza sukari akaiburuta mashine nyuma yake kama mbuzi anayevutwa kwenda soko la Kiamaiko. Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

Mwezi Machi mwaka huu nilielewa kwa nini. Stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Kate, fundi tuliye naye kwa miaka mitatu sasa, aliamua kutumia nafasi hiyo kubadilisha mkanda wa msasa. Niliingia na karatasi za oda nikamkuta amepakata mashine, vidole vyote kumi viko ndani ya mkanda. Taa zikawaka ghafla. Mashine nyingine chumbani hazikutoa sauti. Wala ya Kate. Plagi yake ilikuwa mezani, mbele ya macho yake.

"Mzee, zimerudi," Kate alisema, akicheka.

Kisha akamwona. Mzee Matheka alikuwa ameegemea ukuta, macho hayabanduki kwenye plagi ile, hadi ikabidi Ndung'u amletee kiti. Kate aliitazama mikono yake mwenyewe, akaitoa polepole kwenye mkanda. Hakucheka tena siku hiyo. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka nikapata pumzi.

Tangu Ndung'u aumie, miaka kumi na sita imepita, na hakuna fundi mwingine aliyeumizwa na mashine katika chumba kile. Nilipomwambia Mzee kwamba nitaliandika hilo, alinishika mkono. "Andika, lakini usiseme nilikuwa jasiri. Utawapotosha watoto wa watu."

Kustaafu kwenyewe pia anakuogopa. Alimwambia Mama Nthambi kwamba hajui atafanya nini huko kwao Makueni. Mama akamjibu, "Njoo uogope ukiwa nyumbani, baba. Huku nako kuna kazi."

Mzee wetu, kila mmoja wetu anarudi kwake jioni akiwa mzima, na kwa hilo tunakushukuru. Mungu akujalie afya, usingizi mzito na miaka mingi ya utulivu pamoja na Mama. Nenda salama.